Doa la kijani: miaka yangu na ioni zinazotoroka plazma

Doa lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Lilijitokeza pembeni mwa skrini, kijani kama jani la mgomba, likawaka kwa muda usiofika sekunde moja, likafifia. Chumba cha kuendeshea mtambo kilikuwa na watu kama ishirini, kila mmoja macho kwenye skrini yake, na hakuna aliyegeuka. Mimi nilijikuta nimesimama. Nilikuwa nimelitafuta doa lile miezi mitano, na sehemu kubwa ya miezi hiyo nilikuwa nimeshaamini kwamba halipo.

Ilikuwa alama ya ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, zilizotoka ndani ya plazma kwa kasi ya karibu kilomita 3,000 kwa sekunde, zikapenya tundu la upana wa milimita moja hivi, zikagonga bamba dogo lililopakwa unga unaong'aa ukiguswa na chembe zenye nishati kubwa. Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kila mara kazi yangu ni nini hasa, na kwa ajili yangu mwenyewe pia, maana yapo mambo niliyachelewa kuyaelewa na sitaki yapotee.

Nimezaliwa Pangani. Fizikia niliisomea Dar es Salaam, kisha nikapata nafasi ya kufanya utafiti wa uzamivu kwenye maabara moja ya Ulaya yenye tokamaki ya ukubwa wa kati. Tokamaki ni chombo cha umbo la pete. Fikiria tyubu ya tairi la lori iliyojazwa upepo, ila hii ni ya chuma, imetolewa hewa yote, na imezungukwa na koili za sumaku. Ndani yake huingizwa hidrojeni nzito, yaani deuteri, na hupashwa moto mpaka elektroni zinaachana na viini. Hali hiyo ndiyo plazma, au utegili kama wengine wanavyoiita. Uga wa sumaku huizuia isiguse ukuta. Kila tunapowasha mtambo tunaita pigo. Pigo letu lilidumu sekunde chache, halafu tunasubiri karibu robo saa koili zipoe, ndipo linakuja lingine.

Lengo la safari yote hii ni kuunganisha viini vya deuteri na vya triti, ambayo ni hidrojeni nzito zaidi. Vikiungana hutoka nishati ya megaelektronivolti 17.6, ambazo nyutroni huondoka na 14.1 na kiini cha heli, tunachokiita chembe ya alfa, hubaki na 3.5. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo sumaku haiishiki, inatoka moja kwa moja. Alfa ina chaji, inabaki ndani ikizunguka, na inatakiwa ipashe moto plazma ileile iliyoizaa, kama kuni zinazoshikana moto zenyewe baada ya kiberiti kuzimwa. Hapo ndipo ioni zenye kasi zinapopata umuhimu wake. Zikikaa ndani zikapoa taratibu kwa kugongana na wenzake, moto unajiendesha. Zikitoka mapema, moto unazima, na pale zinapotokea ukuta unaungua.

Mtambo wetu haukutumia triti, kwa hiyo alfa hatukuwa nazo. Ioni za kasi tulizitengeneza wenyewe kwa mihimili. Unachukua ioni za deuteri, unaziongezea kasi kwa volteji ya takribani kilovolti 90, kisha unazipitisha kwenye gesi ili zirudishiwe elektroni zilizozipoteza. Zikishakuwa atomu kamili sumaku haizioni tena, zinapita kwenye uga kama mgeni asiyejulikana na mtu, zinaingia hadi ndani ya plazma, na huko zinanyang'anywa elektroni upya. Sasa zimenaswa. Kila moja inazunguka mstari wa sumaku kwa duara la nusu kipenyo cha sentimita mbili hadi tatu, huku ikikimbia kuizunguka pete. Ioni za kawaida za plazma yetu zilikuwa na nishati ya kiloelektronivolti chache tu. Hizi za mhimili zilikuwa na zaidi ya mara ishirini ya hapo.

Kazi niliyopewa mwanzoni ilionekana nyepesi. Deuteri ikiungana na deuteri hutoa nyutroni chache, na katika plazma inayopashwa kwa mihimili nyingi ya nyutroni hizo hutokana na ioni za kasi kugonga zile za kawaida. Kwa hiyo ukihesabu nyutroni, unahesabu pia, kwa njia ya pembeni, ni ioni ngapi za kasi zimebaki ndani. Programu ya kompyuta inakuambia nyutroni ngapi zinapaswa kutoka endapo ioni zinapoa kwa kugongana tu. Unalinganisha hesabu na kipimo.

Havikulingana. Katika baadhi ya mapigo kipimo kilikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja.

Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi wa umri wangu wangelifanya: nilimshuku mpimaji kabla ya kumshuku mpimwa. Nikasema kihesabio cha nyutroni kimepotoka. Wiki tatu nzima nilikuwa napitia kumbukumbu za urekebishaji wake, nikilinganisha mapigo ya zamani na mapya, nikatengeneza hata jedwali la kurekebisha namba ili zikae sawa na hesabu. Jedwali lile lilifanya kazi vizuri kwa mapigo sita na likakataa kabisa kwa la saba. Hapo ningesimama nikajiuliza. Sikusimama, nikaongeza kirekebisho kingine.

Aliyeniokoa alikuwa fundi mmoja, mama mtu mzima, aliyekuwa anatunza koili ndogo zilizopangwa kuuzunguka ukuta wa ndani kwa ajili ya kusikiliza mitikisiko ya uga wa sumaku. Koili za Mirnov, ndivyo zinavyoitwa. Alipita nyuma yangu akaiona picha niliyokuwa nimeifungua, mchoro wa masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, dhidi ya muda, akauliza kwa nini picha inaishia kilohezi 50. Nikamjibu kwamba juu ya hapo ni kelele za mitambo ya umeme, nimezichuja. Akauliza nani aliniambia ni kelele. Nikatafuta jibu sikulipata. Chujio lilikuwa langu mwenyewe; nililiweka mwezi wa kwanza nilipokuwa naangalia mitikisiko ya polepole, nikalisahau, likabaki ndani ya programu kama dirisha lililopigwa misumari.

Akavuta kiti. Tukaliondoa chujio, tukaichora picha upya hadi kilohezi 300.

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku niliyotunukiwa shahada. Kati ya kilohezi 100 na 200 palikuwa na mistari mitano, sita, saba, iliyolala karibu sambamba, myembamba, inayong'aa, kama nyuzi za kinanda. Ilianza milisekunde chache baada ya mhimili kuwashwa. Mhimili ulipozimwa nayo ikafa. Na katika yale mapigo ambayo nyutroni zililingana na hesabu, mistari haikuwepo. Yote hiyo ilikuwa ndani ya faili zangu tangu siku ya kwanza.

Kuielewa mistari ile kulinichukua muda mrefu zaidi. Inabidi nirudi kwa Hannes Alfvén, Mswidi, ambaye mwaka 1942 aliandika kwamba ndani ya maji au gesi inayopitisha umeme, mstari wa sumaku hutenda kama uzi uliokazwa. Ukiutikisa, mtikisiko unasafiri juu yake. Uga ukiwa na nguvu, uzi umekazwa zaidi na wimbi linakwenda mbio. Plazma ikiwa nzito, uzi umebeba mzigo na wimbi linakwenda polepole. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1970. Katika plazma kama yetu, yenye uga wa tesla 2.5 hivi, wimbi hilo hukimbia zaidi ya kilomita 5,000 kwa sekunde. Iangalie namba hiyo kando ya kasi ya ioni zetu. Hazipishani mara elfu, hazipishani hata mara mia. Zinakaribiana, na chanzo cha balaa lote ni ukaribu huo.

Kwa kawaida wimbi la Alfvén ndani ya tokamaki halidumu. Kila tabaka la plazma lina uzito wake na msokoto wake wa sumaku, kwa hiyo kila tabaka linataka kutikisika kwa masafa yake, na wimbi linararuka kama kanga inayovutwa na watu kumi kila mmoja upande wake. Lakini pete ina siri. Upande wa ndani wa pete uga ni mkali, upande wa nje ni dhaifu, na wimbi linalozunguka linakutana na ukali na udhaifu huo kwa zamu, tena na tena. Kwa masafa fulani linarudishwa nyuma, linakutana na mwenzake anayekuja, na wawili hao wanasimama pamoja mahali pamoja bila kuraruliwa. Jambo lilelile hutokea kwa elektroni ndani ya fuwele, ambako zipo nishati ambazo haziruhusiwi kupita. Cheng, Chen na Chance walilieleza hilo kwa hesabu mwaka 1985. Mwaka 1991 mawimbi yenyewe yakaonekana Marekani, kwenye tokamaki za TFTR kule Princeton na DIII-D kule San Diego. Sisi huyaandika kwa herufi tatu, TAE, kifupi cha jina lake la Kiingereza, toroidal Alfvén eigenmode, na ndiyo yaliyokuwa mistari yangu.

Sasa, ioni inalilishaje wimbi? Vitabu vilinipa milinganyo na niliweza kuikokotoa, lakini sikuwa nayo moyoni. Aliyenipa ni mjomba wangu, bila kujua.

Mjomba alikuwa nahodha wa mashua ya mizigo, Pangani na Unguja, miaka na miaka. Jioni moja nilimpigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Huko baridi bado?"

Nikamwambia bado. Tukaongea ya nyumbani, nani kaoa, nani kaugua, kisha akaniuliza mbona sauti imechoka. Nikamwambia nasumbuliwa na mawimbi. Akacheka, akadhani natania, mtu wa maabara na mawimbi wapi na wapi. Nikamweleza kwamba kuna vitu vinakimbia na kuna wimbi linakimbia, na vikienda kasi moja ndipo mambo yanaharibika. Akanyamaza kidogo.

"Hilo mbona linajulikana," akasema. "Ukienda na tanga bahari ikiwa nyuma, wimbi likikupita halina neno. Ukilipita wewe, halina neno. Ole wako uende nalo sawa. Maji yanatembea na wewe, usukani hausikii tena. Unashika usukani kama umeshika ukuni. Hapo chombo kinakwenda kinakotaka wimbi, na mara nyingi kinageuka ubavu."

Usukani hausikii. Nililiandika neno hilo kwenye daftari nikalipigia mstari. Ioni inayokutana na wimbi mara moja inasukumwa mbele, mara nyingine inarudishwa, na jumla yake ni sifuri. Lakini ioni ambayo mwendo wake unalandana na wimbi inasukumwa upande uleule kila mzunguko. Misukumo midogo inajumlishana. Na si lazima kasi ziwe sawa kabisa: kwa sababu ioni inapanda na kushuka kati ya uga mkali na dhaifu, inaweza kulandana na wimbi hata ikiwa na theluthi moja ya kasi yake. Ioni zetu zilikuwa chini ya kasi ya wimbi na kwa muda mrefu nilidhani ziko salama kwa sababu hiyo. Zilipokuwa zinapoa zilipita palepale kwenye ile theluthi.

Bado kulikuwa na jambo moja nililolielewa vibaya, na ndilo ninalotaka msomaji achukue muda nalo. Nilikuwa nafikiri wimbi linaiba nishati ya ioni, na ioni iliyoibiwa inapungua nguvu na kubaki palepale. La. Ioni za kasi zimesongamana katikati ya plazma, kama watu mlangoni mwa uwanja, na ni chache pembezoni. Wimbi linachofanya ni kuzifungulia njia ya kutoka. Ioni inayosogea nje inalipa wimbi nishati kidogo mno, sehemu ndogo sana ya ile iliyo nayo, na kwa malipo hayo madogo inasogezwa umbali mkubwa. Wimbi linakua kwa kukusanya malipo madogo ya ioni nyingi. Ioni yenyewe inafika ukutani ikiwa na karibu nguvu zake zote.

Kama wimbi lingekuwa linazinyonya ioni na kuziacha zimechoka, tungekuwa tumepata njia ya ajabu tu ya kupasha plazma. Hii tuliyo nayo ni tofauti: joto tulilolilipia linachukuliwa likiwa zima na kumwagwa mahali pasipotakiwa.

Ndipo tukaja kwenye kile kipimo cha doa. Kinaitwa kitambuzi cha ioni zilizopotea. Ni kichwa cha grafiti, ukubwa wa ngumi ya mtoto, kinachosogezwa kwa mkono mrefu hadi karibu kabisa na ukingo wa plazma. Kina tundu dogo, na nyuma ya tundu kuna lile bamba lenye unga. Sumaku ya tokamaki yenyewe ndiyo inayopanga: ioni yenye nishati kubwa huzunguka duara kubwa na kutua mbali, yenye nishati ndogo hutua karibu, na pembe iliyoingia nayo huamua itue juu au chini. Kwa hiyo mahali doa linapotokea kwenye bamba panakuambia ioni imekuja na nguvu gani na ikielekea wapi. Kamera hupiga picha, na pembeni yake vipo vipokea mwanga vya haraka vinavyosoma mara milioni kwa sekunde.

Doa langu lilitua mahali pa nishati kamili ya mhimili.

Lakini mtu makini angeuliza, na mwenzangu mmoja aliuliza papo hapo: huenda ni zile ioni zinazopotea mzunguko wa kwanza, ambazo zimezaliwa pembeni kwenye njia mbaya, na hazihusiani na wimbi lolote. Hizo nazo zina nishati kamili. Swali zuri. Jibu lilikuwa kwenye vile vipokea mwanga. Zinazopotea mzunguko wa kwanza hutoa mwanga tulivu unaoanza na mhimili na kukaa hapo. Mwanga wa doa langu ulikuwa unatetemeka. Tulipouchora kwa masafa, ukatoa mistari ileile, kilohezi kwa kilohezi, iliyokuwa kwenye koili za sumaku. Koili na bamba havina waya unaoviunganisha. Kinachoviunganisha ni wimbi.

Niliketi nikaiangalia ile michoro miwili, mmoja juu ya mwingine, mpaka taa za ukumbini zikazimwa.

Baadaye nilisoma kwa bidii historia ya wale waliotutangulia, na nikaona kwamba kila kizazi kilipigwa na jambo hili kikiwa hakijajiandaa. Kwenye mtambo wa PDX, Princeton, mwaka 1983, walielekeza mihimili yao moja kwa moja kwenye plazma wakaona mlipuko baada ya mlipuko kwenye koili. Michoro ilifanana na uti wa samaki na miiba yake, wakauita hivyo, na jina limebaki hadi leo. Kila mlipuko ulitupa nje ioni, na jumla ya hasara ilifikia asilimia 20 hadi 40 ya nguvu ya mihimili. Kwenye DIII-D, mawimbi ya TAE katika hali mbaya zaidi yaliondoka na zaidi ya nusu. Kwenye TFTR, ioni zilizosukumwa na mawimbi hayo zilikusanyika mahali padogo zikaunguza chombo hadi hewa ikavuja. Nilipolisoma hilo la mwisho nilielewa kwa nini wazee wa kazi hii husema neno "hasara ya ioni" kwa sauti ya chini.

TFTR pia ndiyo iliyoonyesha kwamba alfa zenyewe, si mihimili tu, zinaweza kuamsha wimbi. Ilihitaji subira. Walizima mihimili kwanza, kwa sababu ioni za mhimili huweza kulimeza wimbi, wakangoja milisekunde mia moja au mia mbili, wakati ioni za mihimili zimeshapoa lakini alfa bado zina moto. Hapo mistari ikatokea. Naipenda sana hila hiyo. Mtu aliyeibuni alikuwa anajua kusubiri.

Sitaki ionekane kwamba ioni za kasi ni adui. Kwenye tokamaki ya JET kule Culham, Uingereza, miaka ya 1980, ziligundulika kuwa zinatuliza mtikisiko mwingine wa katikati ya plazma, ule unaopanda na kuanguka kama meno ya msumeno. Uzuri huo nao ulikuwa na bei yake, maana jino lililocheleweshwa muda mrefu lilipoanguka lilianguka kwa kishindo kikubwa. Na mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa JET ukionyesha kwamba ioni za nishati ya megaelektronivolti, pamoja na mawimbi ya Alfvén zilizoyaamsha, zinaweza kupunguza misukosuko midogo inayovujisha joto. Wimbi lilelile, hali nyingine, na likawa na faida. Sisi tunaofanya kazi hii tulilisoma andiko lile kwa furaha na kwa tahadhari.

Kwetu tulijaribu kulituliza. Mtambo ulikuwa na vyanzo vya mikrowevu vinavyopasha elektroni, na vioo vinavyogeuzwa kuelekeza mwale pale unapotaka. Elektroni zikipashwa mahali wimbi linapokaa, mazingira yake yanabadilika: msokoto wa sumaku unabadilika, unyonywaji wa wimbi unabadilika. Tulipanga siku nzima ya mapigo kwa ajili hiyo. La kwanza, mwale katikati kabisa: mistari haikujali. La pili tukapandisha nguvu: haikujali. Nikaanza kuhisi ile hali ya wiki tatu za jedwali. Kwenye pigo la nne tukaurudisha mwale nguvu za awali lakini tukakigeuza kioo kidogo, umbali wa kiganja tu kutoka katikati. Mistari ikakatika. Iliingia kwenye pigo ikiwa mitano, ikawa miwili, ikawa vipande vipande. Kihesabio cha nyutroni, kilekile nilichokituhumu, kikapanda hadi karibu na hesabu. Doa likafifia, ukabaki mwanga mwembamba usiotetemeka wa zile za mzunguko wa kwanza.

Pigo la tano tukakisogeza kioo tena, umbali uleule mbele zaidi. Mawimbi yakarudi kama hayakuwahi kuondoka.

Ilinichukua usiku kadhaa kulikubali hilo: nguvu zilikuwa zilezile, mahali ndipo palipobadilika. Na mawimbi yenyewe ni madogo. Mtikisiko wake ni kama sehemu moja kati ya elfu kadhaa za uga wote. Nilipomwambia mjomba, safari nyingine, akaniuliza yanakuwa mangapi kwa wakati mmoja. Nikamwambia matano, saba, hata kumi. Akasema basi nisiangalie ukubwa wake, niangalie kama yanapokezana. Na kweli, hesabu zinasema hivyohivyo: wimbi moja dogo huiyumbisha ioni huku na huko ndani ya ukanda wake, kanda za mawimbi mengi zikigusana, ioni inatoka kwenye moja na kuingia kwenye jingine, na njia ya kutoka katikati hadi ukutani inakuwa wazi.

Sasa watu wote wa fani yetu macho yako ITER, tokamaki kubwa ya ushirikiano wa mataifa, inayojengwa kusini mwa Ufaransa. Imekusudiwa kutoa megawati 500 za muungano, ambazo moja ya tano, megawati 100, zitabebwa na alfa. Alfa inazaliwa na kasi ya kilomita 13,000 hivi kwa sekunde, karibu mara mbili ya kasi ya wimbi la Alfvén humo ndani, na inapopoa lazima ipite kwenye kasi ya wimbi. Hakuna namna ya kuizuia isipite. Mihimili yake nayo itakuwa ya kiloelektronivolti 1,000, si 90 kama yetu. Na kwa kuwa mtambo ni mkubwa na duara la ioni ni dogo ukilinganisha nao, yanatarajiwa mawimbi mengi zaidi kwa wakati mmoja. Hata asilimia tano tu ya alfa zikitoka, hizo ni megawati tano zinazotafuta mahali pa kutua. JET, iliyofungwa mwishoni mwa 2023 baada ya kutoa megajuli 69 katika pigo moja kwa miligramu 0.2 za deuteri na triti, ilituachia data tutakayoichambua kwa miaka, lakini JET haikuwahi kufika kwenye plazma inayopashwa zaidi na alfa zake. Hapo hakuna tokamaki iliyofika. Kwa hiyo hesabu zetu zinapimwa kwenye mitambo midogo, pigo kwa pigo, doa kwa doa, na mimi naziamini zaidi zile ambazo zimeshawahi kukosea mahali tukajua kwa nini.

Siku hizi mwanafunzi mpya akija, kabla hajaandika programu yoyote, namkalisha mbele ya picha ya masafa isiyochujwa. Nampa pigo moja tu na siku nzima. Wengine hukereka. Mmoja aliniletea jioni orodha ya vitu kumi na vinne ambavyo hakuvielewa, na vitatu kati ya hivyo sikuvielewa hata mimi. Viwili bado.

Mwisho wa msimu wa majaribio kile kichwa cha grafiti kilitolewa nje kukaguliwa. Nilivaa glavu nikakishika. Upande unaotazama mahali ioni zisipofika ulikuwa laini, mweusi uliokoza, kama ulivyotoka kiwandani. Upande wa pili, karibu na tundu, palikuwa na eneo la kijivu lisilozidi ukucha. Nilipopitisha kidole juu yake nikasikia mkwaruzo, kama wa msasa mkavu, na nilipokitoa kidole ncha ya glavu ilikuwa na vumbi.